Kashata za Darasa Zima

(Haya ni maneno yaliyosemwa na afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wazazi wa watoto wa chekechea, Lunga Lunga, mapema mwezi wa Februari 2026. Tunayachapisha kwa sababu wazazi kadhaa waliomba vipimo.)

 

Nimepewa dakika chache, na nimeombwa nizungumzie jambo dogo ambalo kila Februari huzua maneno: vitafunio ambavyo wazazi hutengeneza nyumbani na kupeleka darasani kwa ajili ya Siku ya Wapendanao. Mimi si mpishi wala daktari. Kazi yangu ni habari. Lakini elimu ya chekechea, kwa Katiba yetu ya 2010, ni kazi ya kaunti, na kinacholiwa na mtoto akiwa darasani kinatuhusu sote.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana mtoto wangu aliniambia anataka kuwapelekea rafiki zake keki. Nikamuuliza, rafiki zako ni kina nani? Akataja tisa. Nikaoka keki moja, nikaikata vipande kumi na viwili, nikajiona nimeongeza. Kumbe darasa lina watoto thelathini na wanane. Mwalimu alifanya alivyoweza, akagawa vipande vikawa kama kucha, na bado wapo waliopata makombo. Jioni mtoto wangu alisema neno moja tu: "Hazikutosha." Hakuwa na furaha, na haki yake.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: hesabu kwanza, washa jiko baadaye. Muulize mwalimu wako wangapi, si rafiki wangapi. Kama huna uwezo wa kuwatosha wote peke yako, jiungeni wazazi watatu au wanne, huyu alete nazi, yule sukari, mwingine kuni. Kama hata hivyo haiwezekani, basi tusipeleke. Hakuna mtoto aliyewahi kuumia kwa sababu hakuletewa kashata shuleni. Anaumia pale mwenzake anapokula yeye akitazama.

Sisi wa Kwale tunajua uzito wa kuachwa nje ya hesabu. Oktoba 2016 ndugu zetu Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka huku hadi Nairobi kudai vitambulisho, baada ya kuishi miaka na miaka bila kutambuliwa. Februari 2017 wakaanza kupewa, wakahesabiwa kuwa kabila la 43. Wapemba nao walitambuliwa 2023. Watoto wao wamo katika madarasa haya pamoja na wa Kidigo, Kiduruma, Kikamba na wengine. Mtoto wa miaka minne hajui kitambulisho ni nini, lakini sinia likipita mbele yake bila kusimama, analielewa vizuri kabisa.

Sasa, kuhusu siku yenyewe. Najua wapo wazazi hapa, Waislamu na Wakristo pia, ambao hawaadhimishi Siku ya Wapendanao, na hawapendi mtoto afundishwe mambo ya wapendanao. Wana haki hiyo. Kaunti haikumtangazia mtu sikukuu. Ninachoomba ni tukubaliane na mwalimu mapema. Madarasa mengine huiita siku ya kumshukuru rafiki, na hilo halimkwazi mtu. Mzazi asiyetaka kushiriki aseme, na asiulizwe mara mbili.

Tuangalie na kalenda. Mwaka huu tarehe 14 ni Jumamosi, kwa hiyo watakaopeleka watapeleka Ijumaa tarehe 13. Vitafunio viliwe saa nne wakati wa mapumziko, kabla watoto hawajaanza kutawanyika. Ramadhani nayo inatarajiwa siku chache tu baadaye, mwezi ukiandama. Na mwakani, 2027, tarehe 14 Februari inatarajiwa kuangukia ndani ya Ramadhani yenyewe. Nashauri mwakani tuchague siku nyingine kabisa. Kashata haina tarehe. Hupendeza siku ya Idi, hupendeza siku ya kufunga shule.

Haya, tuje jikoni. Nimechagua kashata za nazi kwa sababu nazi tunayo, hazihitaji jiko la kuokea, na zinahesabika. Vipimo hivi vinatoa vipande 40.

Chukua nazi mbili za wastani. Kuna kwenye mbuzi mpaka upate vikombe 4, na usikamue tui. Sukari ni vikombe 2, maji safi nusu kikombe, iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai, na chumvi kidogo sana. Bandika sukari na maji kwenye sufuria, moto wa wastani, mpaka upate shira nzito. Mimina nazi, iliki na chumvi. Koroga kwa mwiko bila kuacha, kwa sababu hushika chini upesi. Mchanganyiko ukianza kuachana na sufuria, epua. Usingoje sukari igeuke kahawia, maana kashata itakuwa ngumu kama peremende, na meno ya mtoto mdogo hayaiwezi. Tandaza kwenye sinia ulilopaka mafuta kidogo, na ingali na moto kata mistari 8 kwa 5. Ikipoa utavitoa vipande bila kuvunjika.

Ukitaka umbo la kopa, lile kopa la karata, kata kwa kisu kikali au kwa kifuniko cha bati ulichokikunja na kukiosha vizuri. Lakini kumbuka kopa huacha pembe nyingi, na vipande hupungua. Mimi nakata mraba, nikachora kopa kwenye karatasi ya kufungia. Watoto hawalalamiki.

Rangi nyekundu huwapendeza, lakini si lazima inunuliwe kwenye kichupa kisicho na maelezo. Chemsha kipande cha kiazi chekundu, ile bitiruti, na utumie maji yake badala ya maji matupu, utapata waridi. Na hapa kwetu tuna biksa, ambayo wakulima wetu wanaipanda na viwanda duniani huitumia kutia rangi siagi na jibini. Pasha moto mbegu kijiko kimoja kwenye mafuta vijiko viwili, chuja, mbegu utupe, mafuta yatie kwenye nazi. Utapata rangi ya machungwa inayoelekea wekundu. Zisiwe mbegu zilizowekewa dawa kwa ajili ya kupanda.

Sukari je? Vikombe viwili ni kama gramu 400. Ukigawa kwa vipande 40, kila kipande kina gramu 10, yaani vijiko viwili na nusu vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu yote ambayo mtu hupata katika chakula cha siku, mkubwa kwa mdogo. Kwa hiyo kipande kimoja kwa mtoto mmoja kinatosha. Vinne ni vingi, hata kama ni vyako.

Mtaniuliza, mbona si kashata za njugu, ambazo ndizo tunazozipenda? Nina sababu tatu.

Ya kwanza, mtoto mdogo hupaliwa na njugu. Wataalamu wa watoto hushauri asiyefika miaka minne asipewe njugu nzima, na watoto wa chekechea hula huku wanacheka na kukimbia. Waketi wakila. Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa au kupumua, mwinamishe mbele, mpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, simama nyuma yake, kunja ngumi juu ya kitovu, uishike kwa mkono wa pili na uvute ndani na juu mara tano. Endelea kupokezana hivyo huku mwenzako akiita msaada.

Ya pili, wapo watoto ambao miili yao haipatani na njugu. Huvimba midomo, hutoka vipele, wengine hushindwa kupumua. Mzazi anayejua mtoto wake yuko hivyo amwambie mwalimu leo, si siku hiyo. Na mwalimu aulize kuhusu vyakula vyote, si njugu tu. Yupo wa mayai, yupo wa maziwa.

Ya tatu ni kuvu. Njugu na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu lenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafariki. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hii, wala sukari haiifichi ikaondoka. Hata nyumbani, njugu iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo usiichanganye na nzuri. Itupe.

Nazi nayo ina masharti yake. Huchacha upesi kwa joto letu hili. Kashata za Ijumaa zipikwe Alhamisi jioni, zifunikwe vizuri, ziliwe asubuhi. Maji ya kupikia na ya kunawia, yawe ya kisima, ya bwawa au ya Mto Umba, yachemshwe au yatiwe dawa. Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mpishi na ya watoto pia. Anayeharisha au kutapika siku hizo asipike, amwachie jirani. Ukiwa na shaka, muulize mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu au afisa wa afya ya umma. Kuuliza hakulipiwi.

Kufungia tusitumie mifuko ya plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017. Tumia karatasi safi nyeupe au jani la mgomba lililooshwa na kupitishwa juu ya moto. Gazeti hapana, kwa sababu wino huhamia kwenye chakula. Na hili jarida letu tunalowagawia, tafadhali lisomeni, msilifungie kashata.

Kwa yule ambaye hata sukari wiki hii ni shida, nasema hivi bila haya, kwa sababu wengi wetu tumepita hapo: embe, ndizi na tikiti maji ni vitafunio. Kata tikiti vipande, toa mbegu, na kila mtoto apate kimoja. Au mtoto akate kopa kwenye boksi kuukuu, apake rangi, aandike jina la mwenzake. Mwalimu aandike majina yote kwenye vikaratasi, kila mtoto aokote kimoja. Hapo hakuna atakayepata kumi na hakuna atakayekosa.

Namalizia nilipoanzia. Mwaka huu nimeomba idadi kwa mwalimu kabla sijanunua nazi. Wako thelathini na wanane wale wale, na mmoja amehamia kutoka upande wa pili wa mpaka, Horohoro. Thelathini na tisa. Vipande ni arobaini. Kimoja kitakachobaki ni cha mwalimu, ambaye mwaka jana hakupata hata makombo.