Kitanda Peke Yake Hakiponyi

(Maneno ya mwanachama mwenzetu, muuguzi, katika mkutano mkuu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumzie pendekezo la kuchangia vitanda vya wagonjwa mahututi, ili hospitali iweze kupanua huduma ugonjwa wa mlipuko ukitufika. Naliunga mkono, ila naomba tuliongezee kitu.

Mei 2015 tunaikumbuka. Wakimbizi kutoka Burundi walijaa Kagunga kwa makumi ya maelfu, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Liemba ikawaleta mjini, kama watu 600 kwa safari, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka kituo cha kuwapokea. Kufikia tarehe 22 wagonjwa walikuwa 3,000 hivi, na wapya 300 hadi 400 kila siku. Hakuna hospitali ya mkoa yenye vitanda vya kutosha watu hao.

Kipindupindu kinataka maji safi, chumvichumvi, dripu na mikono ya kuzitundika. Mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa kabisa anahitaji lita 5 za dripu ndani ya saa 3. Ukichelewa, unampoteza. Lakini wengi wakinyweshwa chumvichumvi mapema, hukohuko mwaloni, hawafiki kuwa mahututi.

Korona ikatufundisha habari ya oksijeni. Mtungi mkubwa una lita kama 6,800. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na ushei. Wagonjwa 10 wa namna hiyo ni mitungi zaidi ya 20 kwa siku moja.

Halafu kuna watu. Muuguzi mmoja akiangalia mahututi wawili, vitanda 10 vinataka wauguzi 5 kila zamu, 15 kwa siku, kabla hujahesabu likizo wala anayeugua. Hao hawapatikani siku ya mlipuko. Wanaandaliwa sasa, kutoka wodi nyingine, ili siku hiyo wavuke wakijua la kufanya.

Kwa hiyo naomba mchango wa mwaka huu tuugawe. Nusu iende kwenye vitanda. Nusu nyingine iende kwenye mitungi ya akiba, dripu na chumvichumvi kwa zahanati za mwambao, na mafunzo ya wauguzi yanayorudiwa kila mwaka. Najua mafunzo hayapigwi picha kama kitanda kipya chenye jina la chama chetu. Lakini kitanda kisicho na oksijeni wala muuguzi ni mahali pa kulala tu.

Tunaishi na ziwa, tukilishiriki na ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Boti hazitaacha kuvuka, wala hatutaki ziache. Mwaka 2023 Marburg iliingia Kagera, si mbali na kwetu. Ugonjwa hautangoji tumalize harambee.

Fomu za ahadi ziko mezani.