Shimo la Mabua kwa Maji ya Kuoshea Mabomba ya Dawa
(Hotuba ya kamati katika mkutano wa wanachama. Imebandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Dawa ikishapulizwa mpungani, bomba linaoshwa wapi? Mferejini. Na mfereji huo huo, hatua chache chini, ng'ombe wanakunywa na akina mama wanamwagilia mchicha. Suuza ina dawa kidogo tu, ndiyo, lakini kidogo hicho kinamwagwa mahali pale pale kila siku ya kupuliza. Samaki hawahitaji nyingi ili wafe.

Sasa jamani, mabua yanayochomwa baada ya mavuno yana kazi. Huko Sweden tangu 1993 wakulima huosha mabomba yao juu ya shimo lililojazwa mabua ya nafaka, udongo na mboji ya kinamasi. Siyo kwamba mabua yanachuja kama chujio la chai. Ule ukungu unaoozesha mabua huivunjavunja na dawa pia, ukisaidiwa na vijidudu vya udongoni. Mboji nayo huishika dawa isizame chini kabla haijavunjwa. Kwa hiyo shimo likikauka kabisa, au likifurika, kazi inalala.

La kwetu litakuwa hivi. Chini kabisa udongo wa mfinyanzi, unene sentimita 10, ushindiliwe barabara. Juu yake mchanganyiko wa sentimita 60: kila madebe mawili ya mabua yaliyokatwakatwa, debe moja la udongo wa shamba na debe moja la mboji yetu ya samadi iliyoiva. Likae mbali na kisima na mfereji, liezekwe paa. Mabua yakioza na kudidimia, tunaongeza mengine.

Tusidanganyane lakini. Mbolea ya chumvichumvi iliyokwisha kuingia mferejini shimo hili haliigusi. Wala dawa iliyobaki chupani isimwagwe humo. Shimo ni la suuza basi.

Wapo waliouliza, je, ng'ombe watakula nini? Mabua ya ng'ombe yabaki ya ng'ombe. Tunaomba yale yanayopigwa kiberiti.

Tunachimba Jumamosi saa mbili asubuhi, nyuma ya ghala. Kila mwanachama mzigo mmoja wa mabua na jembe. Mwenye panga kali aje nalo, maana ya kamati ni butu yote.