Foto ya Mtoto Mchanga: Tujitayarishe Tangu Nyumbani
(Mazungumzo kwa wamama wa kliniki)

Wenye tumbo kubwa wapewe nafasi kwenye benchi, wengine wasogee kidogo. Leo sitasema juu ya malaria wala juu ya chakula. Nitasema juu ya foto.

Musicheke. Katika materinite yetu maneno ya foto hayaishi. Mama anazaa usiku, na asubuhi shangazi amekwisha kufika na kikwembe kipya, mdogo wake ana telefone mkononi, na huko nje mpiga foto anangoja chini ya mti na mashine yake. Wote wanataka mtoto. Baba naye yuko mbali, anachimba zahabu huko Ituri ao anafanya biashara Kinshasa, na anatuma ujumbe: "Nionyesheni sura yake." Ana haki. Sisi wauguzi hatukatazi foto hata kidogo. Kitu tunachoogopa ni baridi.

Ninyi munajua asubuhi ya Lubero ginsi ilivyo. Mtu mzima anavaa trikoti na bado anatetemeka. Sasa mtoto mchanga: jana alikuwa ndani ya tumbo lenye joto, leo ametoka akiwa na maji mwilini, ngozi yake ni nyembamba, mafuta chini ya ngozi ni kidogo, na kichwa chake ni kikubwa ukikilinganisha na mwili. Joto linamtoka upesi kuliko wewe. Tunapompima na termometre tunataka tuone kati ya 36,5 na 37,5. Ikishuka chini ya 36,5 amekwisha kupata baridi, hata kama halii. Mtoto mwenye baridi anachoka, ananyonya kidogo, sukari katika damu yake inashuka, na ugonjwa unampata kwa urahisi. Yote hayo yanaweza kuanza na foto ya dakika kumi mbele ya dirisha wazi.

Wewe pasipo termometre utajua namna gani? Shika nyayo zake, kisha shika tumbo. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina moto, baridi imeanza: mweke kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, mfunike, mpe ziwa. Nyayo na tumbo vyote viwili vikiwa baridi, ita muuguzi mara moja.

Neno la kuoga. Wabibi wengi wanataka mtoto aogeshwe mbele ya foto, juu ana ile mafuta meupe kwenye ngozi, nao wanaona haya. Mafuta yale si uchafu. Yanamlinda. Acha yaingie yenyewe. Kuoga kunangoja mpaka saa 24 zipite. Mpanguse damu usoni kwa kitambaa laini, basi. Foto ya siku ya kwanza ionyeshe mtoto wa siku ya kwanza. Sioni haya iko wapi.

Nguo munaweza kutayarisha sasa hivi, tumbo lingali hapo. Kofia, soksi, trikoti, vitambaa viwili ao vitatu vya kumfunga, na kikwembe kimoja chenye rangi unayopenda kwa kutandika chini. Hata kama ulinunua vipya sokoni, na zaidi sana kama vilikwisha kuvaliwa na mwingine, vifue kwa sabuni, vianike juani, kisha vipige pasi pande zote mbili. Wamama wanaotoka sehemu za moto wanajua sababu: kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, na funza wake anaingia katika ngozi ya mtoto. Pasi yenye moto inaua mayai yale. Usianike nguo za mtoto chini kwenye majani.

Mapambo sasa. Poda, hapana. Vumbi lake linaingia katika mapafu. Manukato, hapana. Kuchora nyusi kwa kalamu nyeusi, hapana, na kitu chochote kisikaribie macho. Kitovu kikae kikavu, usikipake kitu isipokuwa dawa ile muuguzi amekupa mwenyewe. Mkufu na kamba shingoni, viache. Utaniuliza: sasa atapendeza na nini? Mama, ana siku moja duniani. Amekwisha kupendeza.

Saa nzuri ni kisha kunyonya. Mtoto aliyeshiba analala, na mpiga foto hatamsumbua. Lakini sikilizeni vizuri hapa, juu wengine wanasifu mtoto aliyetulia sana: "Angalia, huyu anajua foto!" Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa mchana na usiku. Kama amelala na haamki kunyonya, kama anapumua mbio na kifua kinaingia ndani, kama anakuwa na moto ao baridi, kama anastukastuka na kukakamaa, kama viganja na nyayo ni vya manjano, kama kitovu ni chekundu kinatoa usaha, foto iachwe. Huyo hakutulia. Anagonjwa. Mlete kwetu hata usiku.

Namna ya kumweka. Siku hizi wasichana wanatuonyesha katika telefone foto za Ulaya na Marekani: mtoto wa siku tano ameegemeza kidevu juu ya mikono yake sawa mzee anayewaza. Wanataka kufanya vilevile juu ya kitanda chetu. Mujue kwamba foto ile kwa kawaida inaunganishwa. Wanapiga ya kwanza mtu akishika kichwa, wanapiga ya pili mtu akishika mikono, kisha mashine inafuta mikono ya watu wazima. Shingo ya mtoto mchanga haiwezi kubeba kichwa chake. Usimweke peke yake juu ya meza, wala ndani ya kikapu kilicho juu ya kiti. Foto nzuri kuliko zote ni yeye mikononi mwako ao kifuani mwako, kichwa kimeshikwa. Dirisha lifungwe, nanyi mukae karibu nalo mupate mwangaza wa mchana. Mwangaza ule unatosha, taa ya mashine haina kazi. Usimtoe juani, na usimtoe kwenye upepo wa baraza. Mpiga foto ndiye atembee, mtoto abaki mahali pake.

Naye mpiga foto, mbele ya kuingia, anawe mikono kwa maji na sabuni. Tulijifunza sote katika miaka ya Ebola, 2018 mpaka 2020, wakati kila mlango wa Butembo na Beni ulikuwa na ndoo ya maji. Ebola ile iliisha. Sabuni isiishe. Mwenye kikohozi, mafua ao upele abaki nje, hata akiwa mjomba aliyetoka mbali. Na kubusu mtoto mdomoni, hapana.

Sasa wewe mwenyewe, mama. Ninaona wengine wanasahau kwamba foto ina watu wawili. Mama amezaa saa nne zilizopita, anataka kusimama, kusukwa nywele, kuvaa viatu. Katika saa 24 za kwanza damu inaweza kutoka kwa nguvu, na damu ile inaua mama upesi kuliko magonjwa mengi. Ndiyo maana tunakuomba ubaki materinite angalau siku nzima. Piga foto ukiwa umekaa ao umelala. Ukiona kitambaa kimelowa mbio, ao macho yanaona giza, sema kwa sauti. Na kama umechoka na hutaki foto leo, mkwe wako atangoja kesho. Niiteni, nitamwambia mimi.

Nina neno moja juu ya watoto waliozaliwa wadogo. Hawa tunawaweka kifuani mwa mama mchana na usiku, wamefungwa na kikwembe, njia ile inayoitwa kanguru. Ilianzia Bogotá, katika inchi ya Kolombia, mwaka 1978, juu mashine za kutia watoto joto hazikutosha. Mtoto wa kanguru hatolewi juu ya foto. Lakini anapigwa foto palepale kifuani, uso unaonekana chini ya kofia, na mama anaonekana pia. Kuna watu wanamwambia mama: "Huyu usimpige foto, tuone kwanza kama atapona." Mimi silipendi neno hilo. Akipona, siku moja utamwonyesha ukubwa aliokuwa nao, naye atakataa kuamini. Na asipopona, utakuwa na sura yake. Wamama wengine wamerudi hapa kisha miezi mingi, wanauliza polepole kama kuna muuguzi aliyebakia na foto ya mtoto wao. Mara nyingi hakuna.

Katika chumba chetu vitanda vinakaribiana. Mbele ya kupiga, angalia nyuma yako nani anaonekana. Yule mama ananyonyesha, mwingine anakunywa dawa ambazo hakutaka jirani azijue, mwingine mtoto wake amekufa jana. Mwulize, ao geuza telefone. Vilevile usitume fishi ya mtoto katika WhatsApp ya jamaa yote. Yaliyoandikwa pale ni siri yake.

Na feza? Kwanza lipa fakitire ya hospitali na nauli ya kurudi. Usikope juu ya foto. Telefone ya dada inatosha. Usipokuwa nayo, uliza jirani wa kitanda, lakini mwambie baba mapema namba ya kuitumia.

Foto hiyo haichukui nafasi ya karatasi. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inasema kila mtoto aandikishwe serikalini katika siku 90 tangu kuzaliwa. Utapewa karatasi ya kuzaliwa unapotoka hapa. Iweke mahali pakavu, baba ao wewe muipeleke kwenye ofisi ya serikali mbele ya siku zile kwisha. Na mbele ya kutoka, uliza kama mtoto amekwisha kupata sindano ya BCG na matone ya polio ya siku ya kuzaliwa.

Swali la mama pale nyuma: nyanya wake anasema foto inaita jicho baya. Mama, nyanya wako sitabishana naye. Mwambie foto itabaki kwa baba na kwako tu, haitazunguka kijijini. Nadhani atakubali, na kwa kweli ni shauri zuri.

Sasa wenye miezi minane na tisa wabaki. Fungueni mifuko yenu tuangalie nguo mulizoleta. Kofia kwanza.