Nadharia za Uhusiano wa Kimataifa na Mwenendo wa Tanzania: Mada kwa Semina ya Walimu wa Historia na Uraia, Ulemo, Iramba

1. Utangulizi

Nadharia ya uhusiano wa kimataifa ni mpangilio wa hoja unaoeleza kwa nini mataifa hupigana, hushirikiana au hutegemeana, na kwa sababu hiyo huelekeza jicho la mtafiti kwenye mambo fulani huku ikiyaacha mengine gizani. Mada hii inatetea hoja kwamba nadharia hizo hueleweka vizuri zaidi zinapopimwa kwa matendo ya Tanzania yenyewe, kwa kuwa kati ya mwaka 1965 na 1979 nchi hii ilifanya maamuzi makubwa ambayo hakuna nadharia moja inayotosha kuyaeleza yote.

2. Uhalisia

Uhalisia, uliofafanuliwa na Hans Morgenthau mwaka 1948 na kuundwa upya na Kenneth Waltz mwaka 1979, hushikilia kwamba juu ya mataifa hakuna serikali inayoyaamuru, hivyo kila dola hujilinda kwa nguvu zake. Vita vya Kagera vinaipa hoja hii uzito. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia na kulitwaa eneo la kaskazini mwa mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani mvamizi, na Tanzania ililazimika kujitetea kwa silaha hadi vikosi vyake, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, vilipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979.

3. Uliberali

Uliberali hukubali kwamba mataifa hujali maslahi yao, lakini husisitiza kwamba biashara, mikataba na taasisi za pamoja huweza kuyafanya yaone faida katika ushirikiano. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, katika mvutano kuhusu mgawanyo wa faida, tofauti za itikadi na uhasama kati ya viongozi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Hata hivyo nchi hizohizo, pamoja na Uganda, zilitia saini mkataba mpya mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, zikaanza umoja wa forodha mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010. Kuvunjika kunampa nguvu mwanauhalisia na kurejea kunampa nguvu mwanaliberali, wala mmoja hawezi kumnyamazisha mwenzake.

4. Utegemezi

Nadharia ya utegemezi, yenye mizizi katika fikra za Kimaksi na za wachumi wa Amerika ya Kusini, husema kwamba umaskini wa nchi za pembezoni na utajiri wa nchi za kitovu ni pande mbili za historia moja. Walter Rodney aliieleza kwa mifano ya Afrika katika kitabu chake cha mwaka 1972, alichokiandika alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa takriban kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ilikusudiwa kuikwamua Zambia kutoka katika njia zilizotawaliwa na Wazungu wachache wa kusini. Lakini makubaliano ya Tanzania ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa yalionyesha jinsi ilivyo vigumu kujitoa katika utegemezi huo.

5. Uundaji wa kijamii

Nadharia hii, iliyopata umaarufu kupitia maandishi ya Alexander Wendt mwaka 1992, husema kwamba maslahi ya taifa hutokana na jinsi taifa linavyojitambua na linavyowatambua wengine. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu haikuukomesha uasi wa walowezi wa Rhodesia, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 iliouhitaji sana. Nguvu wala faida haziuelezi uamuzi huo. Unaelezwa na taifa lililojiona kuwa mdhamini wa ukombozi wa Afrika, na ambalo tangu mwaka 1963 lilikuwa mwenyeji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika jijini Dar es Salaam.

6. Mapendekezo na hitimisho

Inapendekezwa kwamba kila nadharia ifundishwe kwa tukio inaloliweza na jingine linaloishinda, kisha wanafunzi waipime katika mazingira yao. Mkulima wa alizeti wa Ulemo, ambaye bei ya zao lake huyumba mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yanapoingia nchini kwa ushuru mdogo, tayari yumo ndani ya uhusiano wa kimataifa. Mwanaliberali atauliza juu ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya, mwanautegemezi atauliza kwa nini nchi yenye alizeti huagiza mafuta, na mwanauhalisia atauliza nani ana nguvu ya kuamua. Mwanafunzi anayeweza kuyauliza maswali hayo matatu juu ya shamba la mzazi wake, na kusema ni lipi linajibika kwa ushahidi, amezielewa nadharia hizo kuliko yule aliyezikariri.