Mkemia Apimwe kwa Bambo Gani?

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Kitui na Makueni, na kupigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Halmashauri imetutaka tuseme juu ya jambo ambalo kwa sikio la kwanza laonekana si letu, nalo ni namna wataalamu wa kemia wanavyopimwa kazi yao kwa kuhesabu makala walizoandika, na kuhesabu mara ngapi makala hizo zimetajwa na wataalamu wengine. Wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya maprofesa. Sisi ni watu wa maabara, wa ghala, wa gari na wa ofisi. Yatuhusu nini?" Twaomba mtuvumilie. Yanahusu cheo na mshahara wa wenzetu, na hapa kwetu yamegusa hata unga uliomo chunguni.

Tuanze na mahindi, kwani katika habari ya mahindi kila mtu hapa ni mtaalamu.

Mwaka 2004, katika sehemu hizi za mashariki, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia kuliko zote. Wengi mliomo humu mwajua nyumba zilizofiwa, wala hatuna haja ya kuzitaja. Sumu hiyo hutolewa na kuvu iotayo juu ya mahindi yaliyowekwa kabla hayajakauka, na huharibu ini. Hata haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, Makueni ilipokuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 waliingizwa hospitalini kwa sumu hiyo hiyo, na 12 wakafa.

Msiba wa 2004 ulipotokea, mahindi na unga viliokotwa sokoni vipimwe. Jumla zilikuwa sampuli 350, kutoka masoko 65. Sheria ya wakati ule iliruhusu sumu isizidi sehemu 20 katika sehemu bilioni moja. Zaidi ya nusu ya sampuli, yaani asilimia 55, zilipita kiasi hicho. Asilimia 35 zilipita sehemu 100, na asilimia 7 zilipita sehemu 1,000. Hayo yalikuwa mahindi ya kuuzwa, yaliyoonekana mazuri machoni.

Tafadhalini fikirini juu ya sampuli hizo 350. Hazikutembea zenyewe kutoka sokoni. Yuko aliyezijaza mifukoni na kuziandika namba, yuko aliyeendesha gari, yuko aliyesaga, aliyepima uzito, aliyetikisa chupa na dawa, aliyechuja. Mashine ya kupimia huja mwisho kabisa. Kosa likiingia mwanzoni, mashine ya shilingi milioni nyingi itatoa jibu la uongo kwa sauti ya ukweli.

Tena liko jambo moja ambalo kila mfanya kazi wa maabara ya nafaka hulijua. Aflatoksini haikai sawasawa katika gunia. Punje chache tu huweza kubeba karibu sumu yote, na punje zilizo kando yake zikawa safi. Ukichomeka bambo mahali pamoja na kutoa konzi moja, waweza kusema gunia ni salama kumbe litaua watu, au waweza kulitupa gunia zima kwa ajili ya punje tano. Ndiyo sababu kanuni ya kazi ni kuchomeka bambo juu, chini na kati, gunia baada ya gunia, kisha kuchanganya yote na kusaga pamoja ndipo upime. Mkemia atakayekuletea hukumu ya lori zima kutokana na konzi moja, utamfukuza kazi, na itakuwa haki.

Sasa tumgeukie mkemia mwenyewe, tuone yeye huchomekwa bambo mara ngapi.

Desturi hii ya kuhesabu ilianzia Marekani. Bwana mmoja, Eugene Garfield, ambaye naye alisoma kemia, aliandika mwaka 1955 kwamba ingefaa kuwe na orodha ya kuonyesha makala gani imetajwa na makala gani. Mwaka 1964 kampuni yake ya Philadelphia ikaanza kuitoa orodha hiyo. Kusudi lake lilikuwa jema, yaani msomaji aweze kulifuata wazo lilikotoka na lilikokwenda, kama mtu afuataye mkondo wa mto. Baadaye watu wakaona kwamba kinachoweza kufuatwa chaweza pia kuhesabiwa. Majarida yakapewa alama, kwa kugawanya idadi ya kutajwa kwa makala za miaka miwili iliyopita kwa idadi ya makala hizo. Mwaka 2005 mtaalamu wa fizikia wa California, Jorge Hirsch, akatunga kipimo cha mtu mmoja mmoja. Huita tarakimu hiyo h. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara 10, basi h yako ni 10. Ni rahisi hata karani aweza kuipata kwa dakika mbili, na hapo ndipo ilipopata nguvu zake.

Tufanye hesabu kidogo. Mkemia wa kwanza ana makala tano. Moja imetajwa mara 900, kwa kuwa ilifundisha watu njia mpya ya kazi, na nne zilizobaki zimetajwa mara tano tano. Jumla ni 920, lakini h yake ni 5. Mkemia wa pili ana makala 12, kila moja imetajwa mara 12 tu. Jumla yake ni 144, nayo h yake ni 12. Kwa kipimo hicho wa pili amemshinda wa kwanza zaidi ya mara mbili. Huenda kweli ni hodari kuliko yule, na huenda sivyo. Tarakimu haikusema. Hapana budi mtu azisome makala zenyewe.

Na makala iliyotajwa kuliko zote duniani ni ipi? Ni ya kemia, ya mwaka 1951, ya Oliver Lowry na wenzake, juu ya njia ya kupima protini. Imetajwa zaidi ya mara 300,000. Kwa nini? Kwa sababu kila aliyetumia njia ile maabarani aliandika jina lake, kama fundi atajaye jina la msumeno wake. Lowry mwenyewe alisema ajua kwamba si makala kubwa. Ilikuwa na manufaa, basi. Nasi twaheshimu manufaa kuliko ukubwa, lakini tusichanganye hayo mawili.

Ambapo tarakimu huleta cheo na fedha, watu huanza kuilisha tarakimu. Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya mkemia wa Hispania, mmoja wa waliotajwa sana duniani, aliyesimamishwa na Chuo Kikuu cha Córdoba kwa miaka 13 bila mshahara, kwa kuwa aliandika pia jina la chuo cha Saudi Arabia katika kazi zake, hali mkataba wake ulikuwa na Córdoba. Jina lake lilikuwa na bei, maana lilipandisha chuo katika orodha za dunia. Mtu huyo aliweza kutoa makala moja kila baada ya siku moja na nusu hivi. Tunauliza tu, je, chupa zake alizitikisa nani?

Kenya nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwongozo wa kuajiri na kupandisha vyeo walimu wa vyuo vikuu, ambao ndani yake makala zilipewa pointi, na pointi zisipotimia mtu hakupanda. Chama cha walimu wa vyuo vikuu, UASU, kiliupinga mwongozo huo, wala ubishi wake haukuwa mdogo.

Yuko mwenzetu mmoja. Hatutamtaja jina, wala chuo chake hatutakitaja, maana kesi yake haijakwisha. Yeye ni mkemia. Miaka mingi amepima maji ya visima vya Kitui, ambavyo mwajua vingi vina chumvi hata ng'ombe hukataa, na kuwaeleza watu kipi cha kunywa na kipi cha kufulia. Amewafundisha akina mama wa vikundi kukausha mahindi juu ya turubai wala si juu ya udongo, na kupima unyevu kabla ya kufunga gunia. Taarifa zake aliziandika kwa Kiswahili na Kikamba pia, zipate kusomeka na wahusika. Alipoomba cheo aliulizwa pointi. Taarifa zile zilipewa sifuri. Makala zake za jarida zilikuwa tatu, nazo zikaonekana hazikutajwa vya kutosha. Siku hiyo hiyo alipanda mwingine mwenye makala nyingi, na hatumwonei wivu. Twasema tu kwamba katika kile kikao hakuna aliyefungua taarifa hata moja akaisoma.

Tena tazameni hesabu ya fedha. Majarida mengi yenye jina yakitaka makala isomwe bure na watu wote, humdai mwandishi dola 2,000 au 3,000, na lile la Nature hudai zaidi ya dola 10,000. Mwalimu wa hapa atazitoa wapi? Yako majarida ya ulaghai yachapishayo chochote kwa dola mia moja au mia mbili, bila mtu kukisoma. Mtu akibanwa na pointi upande huu na ada upande huu, wakubwa wasijifanye kushangaa akiingia mlango wa walaghai. Ni wao waliomsukuma.

Na watu wa maabara? Hao hawamo katika hesabu kabisa. Mara nyingi fundi aliyesaga sampuli na kuitunza mashine hupata shukrani ya mstari mmoja mwishoni, na mstari wa shukrani hauna pointi. Akistaafu, h yake ni sifuri, na mtu akiangalia karatasi atadhani hakuwahi kuwako.

Makala zilizoandikwa juu ya msiba wa 2004 zimetajwa mamia ya mara katika nchi za mbali, na zilistahili kutajwa. Lakini wakati kutajwa huko kulikuwa kukianza, mwaka 2005 na tena 2006, sumu ilirudi na watu wakafa katika sehemu hizi hizi. Kutajwa ni mtaalamu kumsikia mtaalamu. Mahindi kukauka ni jambo jingine, lataka miguu, turubai, mizani, redio, na mtu wa kurudi kijijini mara ya tano. Hata ile dawa ya Aflasafe, yaani punje za mtama zilizopakwa kuvu isiyo na sumu, ambazo hunyunyizwa shambani zipate kuishinda ile yenye sumu, ilianza kwa watu waliookota udongo na mahindi na kuvichunguza kuvu kwa kuvu kabla makala yoyote haijaandikwa. Hivi sasa hutengenezwa hapo jirani, KALRO Katumani. Sisi hatujui tarakimu ihesabuyo gunia ambalo halikumwua mtu.

Walakini tuseme na upande wa pili, maana katika mkutano wa matayarisho uliteteka kwa nguvu. Wako wanachama waliosema, "Heri hesabu kuliko uso wa mtu." Wanakumbuka siku ambazo cheo kilikwenda kwa shemeji, au kwa mtu wa kabila la mkubwa, na mtoto wa mkulima wa Mutomo asiye na mjomba ofisini alikaa palepale miaka 20. Kwake yeye pointi zilikuwa ngao, maana aliweza kuziweka mezani na kusema, haya hesabuni. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatutaki kuivunja ngao ya mtu. Hatusemi hesabu itupwe. Twasema ni konzi moja kutoka gunia moja, na bambo lichomekwe tena.

Kwa hiyo halmashauri imeandika barua kwa wakubwa wa kazi. Tumetaka mwombaji wa cheo achague kazi zake tano, za namna yoyote, na watu wawili wanaojua kemia wazisome zote na kuandika walichoona, barua yao ionyeshwe kwa mwombaji. Taarifa za maji, udongo na nafaka zilizotumiwa na kaunti au na wakulima zihesabiwe, ikiwa zina ushahidi wa kutumiwa. Fundi aliyefanya vipimo aandikwe jina miongoni mwa waandishi, si katika shukrani, na jambo hilo liingie katika ngazi yake ya mshahara. Na chuo kikidai makala za jarida lenye ada, basi ada ni ya chuo. Hili la mwisho ndilo watakalolikataa kwanza, tujue mapema.

Hatukuyazua haya peke yetu. Tamko la San Francisco la mwaka 2012 lilikataa mtu kuhukumiwa kwa alama ya jarida, na mwaka 2015 wataalamu wa mambo haya ya kuhesabu walitoa kanuni kumi, ziitwazo za Leiden, wakisema tarakimu isaidie hukumu ya wajuao kazi wala isikae mahali pake. Tumezifunga nakala pamoja na barua, wasije wakasema ni kelele za Kitui.

Barua iko kwa katibu. Wafanya kazi wa maabara ambao majina yao yaliachwa katika makala walizozifanyia vipimo, tafadhali wamletee mwaka, jina la makala na daftari lao la kazi kama bado wanalo, kabla ya mwisho wa mwezi. Daftari lisitupwe hata likiwa limeraruka. Sasa Bwana Mwenyekiti atapokea maswali, naye ndugu wa kule nyuma aliyeinua mkono zamani ndiye wa kwanza.