SILAHA MKONONI MWA MTOTO: MZAZI ANA HATIA GANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Leo nataka tuvuke bahari kwa fikra mpaka Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Nchi ile ilisifika kwa wahunzi wake, waliojenga matanuri marefu kupita kimo cha mtu, wakayeyusha chuma na kufua majembe. Leo huko Rukwa na kwa jirani yake Katavi chatajwa chuma kingine: gobole, bunduki ya kienyeji ya bomba na baruti, chombo cha majangili. Halina leseni, na likiwekwa nyumbani halina mlinzi.

Je, kijana wa miaka 15 akikamatwa nalo, baba yake ana hatia?

Kwa Sharia ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto, wala hahukumiwi kifungo cha gerezani. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 5, yaeleza kwamba kuwa na kitu si kukishika kwa mkono tu. Mmoja akiwa nacho, na mwenziwe akajua na kuridhia, mbele ya sharia wote wawili wanacho. Basi baba ajuaye kuwa gobole limo darini, naye akala nyama iliyopatikana kwalo, hawezi kusema, "Hilo ni la mtoto."

Na mama asiyejua? Huyo hana hatia ya silaha ile. Hapa, ndugu zangu, pana haki ya kulindwa kwa nguvu zote: mtoto akikimbia, mzazi asikamatwe badala yake. Hatia si deni la ukoo.

Lakini kutojua si sawa na kufumba macho. Sharia ile ya 2009 yamlazimisha mzazi kumkinga mwanawe na mambo ya khatari.

Serikali nayo ina wajibu. Mwaka 2022 ilitangaza msamaha kwa wenye kusalimisha silaha kwa khiari. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sharia. Basi kifungu cha 5 na kisomwe vijijini kabla ya kusomwa kizimbani.

Wenyeji hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa "tupa uchawi". Mzazi naye alitoe gobole, alipeleke kwa wenye mamlaka, kabla mwanawe hajaliokota.