Tarehe ya Kitu na Tarehe ya Dai: Unajimu, Ramli na Taroti Kwenye Rafu Zetu

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wakutubi, watunza nyaraka na waandishi wa makala, Unguja

1. Utangulizi

Waandaaji walinipa kichwa kipana: historia ya utabiri kwa jicho la uhakiki. Nilikikubali kwa masharti mawili. Kwanza, sitasema kama kupiga ramli ni halali au haramu. Suala hilo lina wenyewe, na baadhi yao wamo humu ukumbini. Pili, ninayosema ni yangu, hayaifungi taasisi inayonilipa mshahara. Baada ya hapo naomba mniruhusu nipite mbio kwenye fasili, nifike kwenye jambo ambalo nimelipigia kelele miaka mingi.

2. Fasili

Falaki ni elimu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota. Unajimu ni kuusoma mwendo huo kwa ajili ya kutabiri mambo ya watu. Ramli ni ubashiri wa maumbo kumi na sita yanayotokana na nukta zinazopigwa mchangani au kwenye karatasi. Taroti ni karata 78 ambazo siku hizi hutumiwa kutazamia, na vijana wengi wanazijua kutoka kwenye simu. Haya mnayajua, hatuna sababu ya kuyakalia.

3. Taroti ina umri gani?

Karata hizi zilianza kama mchezo. Kumbukumbu za mwanzo kabisa ni za miaka ya 1440, Florence na Ferrara, na karata za kifahari zilizochorwa kwa ajili ya watawala wa Milan katika karne hiyohiyo bado zipo. Kati ya karata 78, 56 ni za makundi manne, na 22 zilizobaki ni za picha. Hizo za picha, karibu zote, ni turufu za kudumu. Mchezaji yeyote wa karata wa barazani ataelewa kazi yake bila kufundishwa. Makundi manne ni vikombe, sarafu, marungu na panga, yaleyale ambayo Wareno walituachia kwa majina kopa, uru, pau na shupaza. Hadi leo Wafaransa hucheza taroti kwa kuhesabu pointi, na Waaustria wana mchezo wa jamii hiyohiyo. Hakuna mizimu mezani.

Misri iliingiaje? Mwaka 1781 mchungaji wa Kiprotestanti, Antoine Court de Gébelin, alichapisha jijini Paris juzuu la nane la kitabu chake *Le Monde primitif*. Alikuwa ameona karata hizo zikichezwa nyumbani kwa watu. Mchezo wenyewe ulikuwa umesahaulika Paris, ingawa uliendelea kuchezwa mashariki mwa Ufaransa, Uswisi na Italia. Kitu kilichokuwa cha kawaida mkoani kilionekana cha ajabu mjini. Akaamua kwamba picha zile ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri, kilichofichwa ndani ya mchezo kisipotee. Miaka michache baadaye Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla kwa kuligeuza jina lake nyuma mbele, alichapisha maelekezo ya kutazamia kwa karata hizo, kisha akatoa seti yake mwenyewe.

Tazameni tarehe. Maandishi ya kale ya Misri yalianza kusomeka mwaka 1822, kwa kazi ya mtaalamu wa lugha Champollion. Gébelin alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1784. Yaani alieleza yaliyomo katika maktaba ambayo hakuna mtu aliyekuwa hai aliyeweza kusoma hata mstari wake mmoja. Yalipokuja kusomeka, taroti haikuonekana humo. Dai halikufa hata hivyo. Lilihamia kwa mwandishi wa elimu za siri Éliphas Lévi, aliyeziunganisha karata 22 na herufi 22 za Kiebrania, kisha likafika London, ambako mwaka 1909 Arthur Edward Waite na mchoraji Pamela Colman Smith walitoa seti ambayo ndiyo wengi wanayoiona leo.

Kinachonichekesha ni kwamba Misri ipo kweli kwenye historia hii, ila Gébelin aliitafuta kwa mafarao. Karata za kawaida zilifika Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu, na ushahidi ulio bora zaidi unaelekea Misri ya Wamamluki. Seti yao moja imehifadhiwa katika jumba la Topkapı, Istanbul: vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Historia yenyewe inapita kwa Waarabu, Waitaliano na Wareno hadi kwenye mikeka yetu, lakini hakuna anayeiandika nyuma ya kitabu ili kiuzike. Mwanafalsafa Michael Dummett wa Oxford alitumia miaka mingi kuinyoosha, na kitabu chake kikubwa kuhusu mchezo wa taroti kilitoka mwaka 1980.

4. Unajimu, na kipande chake kilicho kichanga

Unajimu, tofauti na taroti, ni wa kale kweli. Wababeli waliigawa njia ya jua katika buruji kumi na mbili zilizo sawa kufikia karne ya tano kabla ya Kristo. Ptolemy aliupanga Alexandria katika karne ya pili, na wanajimu wa Baghdad waliuendeleza. Mji wenyewe ulianza kujengwa mwaka 762 kwa saa waliyoichagua wao. Wapinzani nao ni wa zamani. Mwanahistoria Ibn Khaldun aliukosoa vikali katika *Muqaddima* yake, mwaka 1377, kwa hoja ambazo mhariri wa leo angeweza kuzitumia.

Lakini safu ya nyota tunayoisoma gazetini si ya Babeli. Agosti 1930 gazeti la *Sunday Express* la London lilimwomba mnajimu R. H. Naylor aandike kuhusu nyota ya binti wa kifalme aliyezaliwa siku chache kabla, Margaret. Wasomaji wakapenda, na ndani ya muongo huo safu ya nyota kumi na mbili kwa watu wote ikazoeleka. Lugha yake ya tabia na mielekeo, isiyotamka tukio lolote wazi, nayo ina mzizi wa mahakamani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 iliwahesabu wapiga bao kuwa wazururaji. Mnajimu Alan Leo alishtakiwa mwaka 1914 akaachiwa, akashtakiwa tena mwaka 1917 akatozwa faini. Tangu kesi ya kwanza alikuwa akiwahimiza wenzake wasome tabia ya mtu badala ya kutabiri matukio. Kwa hiyo msomaji wa Dar es Salaam anayeambiwa kwamba wiki hii anaelekea kuwa msikivu anasoma, bila kujua, namna ya kumkwepa askari wa London.

Pwani yetu ilikuwa na njia zake. Iliyozoeleka ni kuhesabu jina lako na la mama yako kwa thamani za herufi za abjadi, kutoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota yako. Njia hiyo haitazami mbingu kabisa. Iliwafaa watu ambao saa yao ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Kijitabu chake huuzwa kwa jina la Abu Ma'shar, mnajimu wa kweli wa Baghdad aliyefariki mwaka 886, lakini hakifanani na vitabu vyake vikubwa vinavyojulikana, ambavyo kazi yake ni sayari. *Shams al-Ma'arif* nayo huuzwa kwa jina la al-Buni wa karne ya 13, na wataalamu wa hati wameonyesha kuwa lile toleo kubwa lilikusanywa muda mrefu baada yake. Nasi pia tuna akina Gébelin wetu, tusijifanye watakatifu.

Wanaotaka majaribio, yapo. Mwaka 1985 jarida la *Nature* lilichapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu walipewa ramani ya nyota ya mtu na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yaliyo ya mwenye ramani. Walipatia kama ambavyo mtu yeyote angepatia kwa kubahatisha. Najua kuna ubishi juu ya jaribio hilo. Mkutubi si hakimu wa ubishi huo. Kazi yake ni kuandika vizuri, na hapo ndipo tunapokwama.

5. Tatizo lenyewe: rafu

Melvil Dewey alichapisha mpango wake wa kupanga vitabu mwaka 1876, na wengi wetu tunautumia. Ndani yake falaki ni 520, kalenda ni 529, unajimu ni 133.5, ubashiri wa aina nyingine ni 133.3, na michezo ya karata ni 795.4. Kwa kitabu kilichochapwa New York mpango huu unatosha. Sasa mleteeni mkutubi hati ya pwani.

Hati ya aina hii mnaijua. Kurasa za mwanzo ni hesabu ya miongo, yaani makumi ya siku, kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jua, ambayo wakulima na wavuvi waliitumia kujua mvua na pepo. Zinafuata manzili 28 za mwezi. Kisha kibla na nyakati za sala. Kisha siku za nuhusi za kusafiri, halafu maumbo ya ramli, halafu dawa ya homa, na mwisho talasimu ya chombo cha baharini. Aliyeiandika hakuona ukuta kati ya 520 na 133, kwa sababu zama zake ukuta huo haukuwepo. Al-Biruni mwenyewe, mwanafalaki hodari wa hesabu, aliandika kitabu cha kufundisha unajimu huku akiutilia shaka.

Mkutubi mwenye haraka huifungua hati katikati, anaona talasimu, anaandika neno moja kwenye kadi: uganga. Neno hilo likishakaa, mengine hujifuata. Mtafiti wa kalenda haioni, kwa kuwa anatafuta kalenda. Mwanafunzi wa historia ya usafiri wa baharini haioni. Mwenye familia aliyeitoa anaaibika, anaomba arudishiwe. Fedha za kukarabati na kupiga picha huanza na sheria, dini na barua za masultani. Uganga husubiri, na mchwa hawasubiri. Nimeandika madokezo kuhusu jambo hili kwa wakuu mbalimbali. Nimejibiwa kwa adabu kila mara kwamba suala linafanyiwa kazi.

Baya zaidi ni safu ya tarehe. Hati nyingi zina jina la mnakili na tarehe ya Hijria kwenye ukurasa wa mwisho. Hatuufungui. Tunaandika "bila tarehe". Hapohapo, rafu ya pili, kitabu cha taroti kilichonunuliwa juzi kinapewa maelezo yaliyonakiliwa kutoka jalada lake: elimu ya kale ya Misri. Karata za Milan tumezipa miaka elfu kadhaa bure, na babu aliyeandika tarehe kwa mkono wake tumemnyang'anya. Na kwa vile kila kitabu cha taroti kinapelekwa 133.3, msomaji anayetaka historia ya mchezo anawakuta watabiri peke yao.

Ninachodai ni kidogo. Kila dai la ukale nalo lina siku yake ya kuzaliwa. Tuandike tarehe mbili: ya kitu, na ya dai juu ya kitu. Taroti: miaka ya 1440, dai la Misri: 1781. Ramli ni mfano mzuri. Vitabu vyake huanzisha mlolongo wa walimu kwa Nabii Idris. Hilo ni dai, liandikwe kama dai, kwa heshima. Kisha iandikwe safari inayothibitika: ilitafsiriwa kwa Kilatini nchini Hispania katika karne ya 12, na kwa upande wetu ilifika Madagascar, ambako maumbo yaleyale kumi na sita hupangwa kwa mbegu na huitwa sikidy, na Mfaransa Étienne de Flacourt aliyaeleza katika karne ya 17. Safari hiyo inatosha kumkalisha msomaji kitako bila kumwongezea chumvi.

6. Mapendekezo

(i) Katalogi ziwe na nafasi mbili za tarehe, ya kitu na ya dai.

(ii) Maelezo ya jalada la kitabu yasinakiliwe kwenye katalogi bila kutajwa kuwa ni ya mchapishaji.

(iii) Ukurasa wa mwisho wa kila hati usomwe kabla ya kuandika "bila tarehe". Nalitaja peke yake kwa makusudi.

(iv) Hati yenye mada nyingi ipewe vichwa vya mada vingi. Namba ya rafu ni moja, vichwa havina kikomo. Neno "uganga" lisitumike peke yake kamwe.

(v) Vitabu vya historia ya taroti vipelekwe 795.4, au angalau viwekewe kadi ya rejea huko.

(vi) Wahariri wanaochapisha safu za nyota zilizoandikwa Ulaya wazisome kwanza. Buruji ya Hamali huanza Machi pamoja na majira ya kuchipua ya huko. Kwetu Machi kaskazi inakufa na masika yanakaribia, na hakuna theluji ya kuyeyuka.

(vii) Wazee wanaojua hesabu ya miongo wahojiwe na kurekodiwa sasa, walipwe posho, na majina yao yaandikwe iwapo wataridhia. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyejulikana kuliko wote Afrika Mashariki, alifariki mwaka 2011. Magazeti yalimwandika kama habari ya siku. Mtafiti atakayetaka kujua alivyojifunza kazi yake aanzie wapi?

(viii) Familia zinazotoa hati zishirikishwe kuandika maelezo yake, ili zisije zikaaibishwa na kadi yetu.

(ix) Orodha ya hati za kukarabatiwa ipangwe kwa hali ya karatasi, si kwa heshima ya mada.

(x) Walimu wa historia wapewe mfano wa taroti kama zoezi la kuhakiki chanzo: nani alisema, lini, na angeweza kujua vipi.

(xi) Nafasi mbili za tarehe, kama nilivyosema kwenye (i). Nalirudia kwa sababu mwaka ujao nitaulizwa tena.

(xii) Mapendekezo (i) hadi (v) hayahitaji kamati, mshauri wala bajeti. Kalamu na kadi mnazo. Kwa yaliyobaki, sekretarieti ieleze kabla hatujaondoka ukumbini ni ofisi ipi itapelekewa nakala na ni nani atakayefuatilia.